Mashini ya mwanafunzi ikifika kwenye koperative: tuulize nini, tuhesabu nini, tuandike nini



Kila mwaka, wakati wa staji na wakati wa likizo kubwa, wanafunzi wa vyuo vya ufundi na vya kilimo wanafika kwenye vijiji vyetu. Wengine wanatafuta habari kwa kazi yao ya mwisho wa masomo. Wengine wanakuja na kitu mkononi: mashini ya kupukuchua mahindi, mashini ya kuparuza mihogo, kikausho cha jua, pampu ya kukanyaga. Wanaonyesha, watu wanapiga makofi, picha zinapigwa. Kisha mwanafunzi anarudi mjini, anatetea kazi yake mbele ya juri, anapata diplome. Na koperative inabaki na nini? Mara nyingi inabaki na chuma chini ya hangari. Wakati mwingine inabaki na deni.

Somo hili halikuandikwa kusudi mfukuze wanafunzi. Tunawahitaji. Kijana anayekaa usiku akichora mashini ya kupunguzia mama zetu kazi ni mtu wa maana. Lakini kuna neno moja tunataka likae kwenye kichwa cha kila memba: mashini kufanya kazi ni jambo moja, mashini kulipa ni jambo lingine. Tuone ginsi ya kupima yote mawili kabla ya franka moja kutoka kwenye kese.

1. Ninyi ni juri ya pili

Mwanafunzi anapotetea kazi yake, walimu wanamuuliza: ulipimaje nguvu ya motere? Michoro iko sawa? Chuma ulichochagua kitashika? Ni maswali mazuri, lakini ni ya chuo. Yakipata jibu, mwanafunzi anapata pointi.

Koperative ina maswali yake. Je, mashini itafanya kazi na mahindi yetu, mikononi mwa watu wetu? Nani atalipa kwa kuitumia, kiasi gani, na mara ngapi kwa mwaka? Ikivunjika, nani ataitengeneza, na kwa piyese gani? Majibu ya maswali hayo yakiandikwa pamoja na hesabu yake, njo tunaita mpango wa biashara. Mpango wa biashara si kitabu kikubwa. Kurasa mbili zinatosha, kama ni za kweli.

Kwa hiyo mwanafunzi akifika na mashini bila mpango, hajamaliza kazi. Mwambieni kwa heshima arudi na ile nusu ingine. Na akikubali, mumsaidie, maana habari nyingi za mpango ziko kwenu, haziko chuoni.

2. Mifano miwili kutoka kwa wanafunzi wengine

Tuangalie kwanza mbali kidogo, kwenye chuo cha ufundi cha MIT, huko Marekani. Tunakichagua kwa sababu wanafunzi wake wawili walifanya kazi juu ya mambo tunayoyajua: kusaga unga na kupukuchua mahindi.

Wa kwanza ni Amy Smith. Kabla ya kurudi chuoni alikuwa amefanya kazi ya kujitolea Botswana, kwa hiyo maisha ya kijiji cha Afrika aliyajua. Alichukua mashini ya kusaga ile ya nyundo, ambayo ndani yake vyuma vinazunguka na kupiga mbegu. Kwenye mashini ya kawaida kuna chekecheke ya bati yenye matundu madogo, inayoachilia unga laini na kuzuia chembe kubwa. Ile chekecheke ni kazi ngumu kwa fundi wa kijiji, na ikipasuka lazima kuleta ingine kutoka mbali. Amy Smith akatengeneza mashini isiyo na chekecheke: upepo wa ndani ya mashini njo unaotenga unga na chembe. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya wanafunzi wavumbuzi ya Lemelson-MIT.

Tuangalie vizuri alichofanya. Hakuuliza kwanza, "Nitafanyaje mashini kubwa zaidi?" Aliuliza ni piyese gani inayosimamisha kazi kijijini, halafu akaiondoa. Swali hilo tunaweza kumuuliza kila mwanafunzi anayekuja kwetu.

Wa pili ni Jodie Wu. Yeye alisoma uinjinia wa mashini katika chuo hicho hicho, na alipitia D-Lab, darasa ambalo Amy Smith alilianzisha kusudi wanafunzi watengeneze vifaa pamoja na watu wa vijiji. Kazi yake ilikuwa mashini ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye kinga, na mtu anaizungusha kwa kukanyaga pedali. Wazo la biashara lilikuwa wazi: mwenyi kinga tayari ana nusu ya mashini. Ananunua ile nusu ingine, anapita nyumba kwa nyumba wakati wa mavuno, analipwa kwa kazi. Mwaka 2009 alianzisha kampuni kule Arusha, Tanzania, ikiitwa Global Cycle Solutions. Baadaye kampuni hiyo haikubaki na mashini ya mahindi peke yake. Iliuza pia taa za jua.

Sisi tunajifunza nini hapo? Mavuno ya mahindi ni ya muda mfupi. Mashini inayofanya kazi wiki chache kwa mwaka haiwezi kulisha biashara ya miezi 12 kama haina kazi ingine ya kuisaidia. Taa, kwa upande mwingine, inatafutwa kila mwezi.

Na jambo lingine: kila fasi ina mambo yake. Kwenye tambarare ya Ruzizi, pande za Luvungi na Sange, kinga ni nyingi, na wazo kama hilo linaweza kupata mtu wa kulifanya. Kwenye milima ya Masisi, fasi mzigo unapita kwa chukudu na kwa mgongo wa mama, kinga itapanda wapi? Mashini nzuri ya Arusha au ya Bukavu si lazima iwe nzuri ya kwenu.

3. Siku ya maonyesho: mahindi yenu, mizani yenu, saa yenu

Maonyesho mengi yanafanywa hivi: mwanafunzi analeta mahindi yaliyochaguliwa, makavu sana, magunzi makubwa yanayofanana. Anawasha motere, dakika kumi, mbegu zinaruka, watu wanashangilia. Hayo ni maonyesho ya mwanafunzi. Ninyi mnahitaji maonyesho ya koperative.

Tayarisheni mafungu matatu ya mahindi yenu wenyewe: fungu la mahindi makavu vizuri, fungu la mahindi ambayo bado yana maji kidogo, na fungu la magunzi madogo madogo yaliyochanganyika. Msimu A tunavuna mwezi wa 1 na wa 2 na mvua bado iko karibu, kwa hiyo fungu la pili njo hali ya kweli ya watu wengi.

Ginsi ya kujua kama mahindi yamekauka: chukueni chupa kavu na safi, tieni mbegu mpaka theluthi moja ya chupa, ongezeni chumvi kavu kidogo, fungeni, tikiseni dakika chache, kisha mwache itulie. Kama chumvi inashika pembeni ya chupa, mahindi bado ni mabichi, maji yamepita asilimia 15. Kama chumvi haishiki, ni sawa kupukuchua. Kwa kuweka gala muda mrefu, tunatafuta karibu asilimia 13.

Kisha fanyeni hivi kwa kila fungu:

- Pimeni uzito wa mbegu zilizotoka, na muda wote uliotumika. Muda unaanza tangu kuleta magunzi mpaka gunia kufungwa. Kuhesabu ile dakika motere inapounguruma peke yake ni kujidanganya.
- Chukueni mbegu 100 bila kuchagua, hesabuni ngapi zimevunjika. Mbegu iliyovunjika ni mlango wazi kwa wadudu na kwa ukungu, na ukungu unaweza kuleta ile sumu ya aflatoksini.
- Angalieni magunzi yanayotoka: mbegu ngapi zimebaki juu yake?
- Pimeni esanse kabla na baada.
- Mwanafunzi akae pembeni. Mama wawili na vijana wawili waendeshe mashini wenyewe. Kama hawawezi bila yeye, muandike.

Maonyesho yachukue nusu siku, si dakika kumi. Motere inaonyesha tabia yake ikipata moto.

Kiisha maonyesho, mwanafunzi azungumze. Mpeni nusu saa, kwa lugha ya kijiji, akishika piyese zenyewe kwa mkono. Michoro kwenye karatasi ije nyuma. Aseme mambo sita: mashini inatatua shida gani, inafanya kazi ginsi gani, ilitoa nini leo kwa mahindi yenu, bei yake na bei ya kila piyese inayochakaa, nani hapa karibu anaweza kuitengeneza, na hesabu ya mwaka mzima. Halafu maswali, na wanawake waanze kuuliza, maana kwenye nyumba nyingi wao njo wanaopukuchua. Mama akiuliza, "Mwanangu, hii kitu ikivunjika na wewe uko Bukavu, nitamwita nani?", hilo si swali la kumchekesha mtu. Fundi wa kuchomelea vyuma awe hapo siku hiyo hiyo, aangalie, aseme: hii naweza, hii siwezi.

4. Hesabu: tusikubali mwaka wa siku 250

Sasa tufike kwenye moyo wa somo. Tuchukue koperative ya mfano. Namba hizi ni za kufundishia, ninyi mtatia zenu. Tunahesabu kwa dola kwa sababu bei ya esanse na ya piyese inafuata dola, lakini kwenye kaye yenu andikeni pia franka.

Mwanafunzi analeta mashini ya kupukuchua yenye motere, bei dola 900. Inatoa gunia 6 za kilo 100 kwa saa moja. Anapendekeza kila gunia lilipiwe dola 1. Kwenye karatasi yake ameandika: gunia 6 kwa saa, saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka. Hiyo inafanya gunia 12 000, ni kusema dola 12 000. Anatosha esanse dola 3 000. Inabaki dola 9 000. Mashini, anasema, inajilipa kwa mwezi mmoja na siku chache.

Kuzidisha kwake ni sahihi. Shida ni swali alilosahau: gunia 12 000 zitatoka shamba gani?

Koperative yetu ya mfano ina memba 120. Kwa misimu miwili, kila memba anapata gunia 6 za mahindi. Hiyo ni gunia 720. Majirani wasio memba wataleta, tuseme, gunia 180. Jumla ni gunia 900 kwa mwaka. Mashini haiwezi kupukuchua mahindi ambayo hayakulimwa. Kwa hiyo tuanze tena.

Pesa inayoingia:
- Gunia 900 kwa dola 1: dola 900.

Pesa inayotoka kwa kila gunia:
- Esanse: lita 1 kwa saa, dola 1,50 kwa lita, gunia 6 kwa saa. Ni dola 0,25 kwa gunia. Kwa mwaka dola 225.
- Mwendeshaji na msaidizi, wanalipwa kwa gunia: dola 0,30. Kwa mwaka dola 270.
- Mafuta ya motere, mkanda, rulema, matengenezo: dola 0,10. Kwa mwaka dola 90.

Pesa inayotoka hata kama gunia ni chache:
- Kusafirisha mashini kati ya vijiji: dola 60 kwa mwaka.
- Kuzeeka kwa mashini: dola 900 kwa miaka 5, ni dola 180 kwa mwaka.

Jumla ya kutoka ni dola 825. Inabaki dola 75.

Si dola 9 000. Ni dola 75.

Watu wengi wanauliza juu ya ile dola 180 ya kuzeeka: "Hiyo pesa hatumlipi mtu, juu ya nini tuitie kwenye hesabu?" Tunaitia kwa sababu miaka 5 itapita na mashini itakufa. Kama hamkuiweka pembeni, mtarudi kuomba msaada, au mtarudi kupukuchua kwa kidole gumba. Hiyo pesa iwe na fasi yake kwenye kaye, isichanganywe na faida ya kugawa.

Mashini itarudisha dola 900 zenu kwa muda gani? Kila mwaka inaleta dola 75 za faida na dola 180 za akiba, jumla dola 255. Gawanyeni 900 kwa 255: ni miaka mitatu na nusu. Si vibaya. Lakini ni lazima memba wajue kwamba ni miaka mitatu na nusu, si mwezi mmoja.

Swali linalofuata: gunia ngapi kwa mwaka kusudi tusipate hasara? Kila gunia linaleta dola 1 na linakula dola 0,65. Linabakisha dola 0,35. Zile gharama zinazotoka hata kama gunia ni chache ni dola 240. Gawanyeni 240 kwa 0,35: ni gunia 686. Hiyo namba iandikeni kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa gala. Chini ya gunia 686, mashini inakula koperative. Juu yake, mashini inalisha koperative.

Sasa tujaribu mwaka mbaya. Viwavijeshi vimeingia, au watu wamekimbia mashamba, zinakuja gunia 600 tu. Gunia 600 mara 0,35 ni dola 210. Tosha 240. Hasara ni dola 30. Ni hasara inayovumilika kama mashini ilinunuliwa kwa pesa ya koperative yenyewe. Lakini kama ilinunuliwa kwa deni la riba ya asilimia 12 kwa mwaka, mwaka wa kwanza riba peke yake ni dola 108. Hata ule mwaka mzuri wa faida ya dola 75 unaingia kwenye shimo la dola 33, na bado hamjaanza kurudisha mtaji. Njo maana tunasema: mashini ya msimu msiinunue kwa deni kabla ya msimu mmoja wa majaribio.

Kuna njia ya kuongeza faida? Kupandisha bei ni njia ya hatari. Bei haiwezi kupita kile memba anachoona anapoteza akipukuchua kwa mkono. Mkidai dola 1,50, gunia za majirani zitapotea kwanza. Njia nzuri zaidi ni kuipa motere kazi ya pili. Motere inayofungwa kwa mkanda inaweza kufunguliwa na kuzungusha mashini ya kuparuza mihogo miezi ambayo mahindi hayako. Muhogo ukitoka shambani unaanza kuharibika kwa siku mbili au tatu, kwa hiyo kazi yake inapatikana mwaka mzima. Basi muulizeni mwanafunzi kabla hajachomelea: motere inatoka, au imefungwa moja kwa moja? Swali hilo moja linaweza kubadilisha hesabu yote. Lakini kazi ya pili nayo iwe na hesabu yake, msiitumie kufunika hasara ya ya kwanza.

5. Faida isiyoingia kwenye kese, na mtu anayepoteza

Kuna faida ambayo haionekani kwenye dola: mama anapata siku zake, watoto hawakosi masomo wakati wa kupukuchua, mahindi yanaingia gala mapema. Andikeni faida hiyo pia, kwenye ukurasa wake. Memba wanaweza kuamua, wakijua, kununua mashini inayoleta dola 75 tu kwa sababu inaokoa wiki nyingi za kazi ya wanawake. Huo ni uamuzi halali. Kisicho halali ni kuwaambia italeta dola 9 000.

Tena, tuulize: nani anaishi kwa kupukuchua kwa mkono leo? Kwenye vijiji vingi kuna wajane na watu wasio na shamba wanaolipwa kwa mahindi kidogo kwa kazi hiyo. Mashini ikiingia, chakula chao kinatoka. Koperative ifikirie: msaidizi wa mashini anaweza kuchaguliwa kati yao? Wanaweza kupewa kazi ya kupepeta na kufunga gunia? Afadhali swali hilo liulizwe mkutanoni kuliko liishe kwa mkanda kukatwa usiku.

6. Msimu wa majaribio na ripoti

Kama hesabu inaonyesha njia, msinunue bado. Ombeni msimu mmoja wa majaribio, mashini ikiwa ya mwanafunzi au ya chuo chake. Katika msimu huo memba mmoja anayejua kuandika ashike kaye ya mashini. Kila siku mistari hii: tarehe, kijiji, gunia, saa za motere, lita za esanse, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka, deni la nani, kilichovunjika, sahihi ya watu wawili.

Mwisho wa msimu, mwanafunzi na komite wanatoa ripoti mbele ya memba. Ripoti ina sehemu nne: tulisema nini; kilitokea nini kwa namba; kiliharibika nini; tunapendekeza nini.

Ripoti mbaya inasema: "Mashini ilifanya kazi vizuri na memba walifurahi." Hiyo haisaidii mtu.

Ripoti nzuri, kwa koperative yetu ya mfano, inasema: "Siku 18. Gunia 396. Esanse: mpango ulisema lita 66, zilitumika lita 84. Lita 18 za ziada ni dola 27. Pesa iliyotakiwa kuingia ni dola 396. Kwenye kese ziko dola 355, na dola 41 ni madeni ya watu 9. Rulema moja iliharibika siku ya 11, kazi ilisimama siku 2 kungoja piyese kutoka mjini."

Angalieni ginsi hiyo ripoti fupi inavyofungua macho. Juu ya nini lita 18 za ziada? Labda mahindi yalikuwa mabichi, labda motere iliachwa ikizunguka bure, labda esanse ilikwenda kwenye moto ya mtu. Kaye ya kila siku itaonyesha. Madeni ya dola 41 yanasema kwamba kanuni ya kulipa kabla ya gunia kuondoka haikufuatwa. Siku 2 za kungoja zinasema rulema ya akiba iwe kwenye kabati kabla ya msimu kuanza. Hapo mwanafunzi naye anapata kitu cha thamani: namba za kweli kwa kazi yake. Juri ya chuo itamheshimu zaidi kwa lita 18 alizoeleza kuliko kwa dola 9 000 za kuota.

7. Karatasi kati ya koperative na mwanafunzi

Kabla ya majaribio, andikeni ukurasa mmoja, usainiwe na prezida wa koperative, na mwanafunzi, na mwalimu anayemwongoza. Useme:

- Mashini ni ya nani wakati wa majaribio, na nani analipa ikivunjika au ikiibiwa.
- Pesa iliyoingia inagawanywa ginsi gani.
- Mwanafunzi atarudi tarehe gani kueleza matokeo kwa memba, kwa lugha yao.
- Koperative itapata nakala ya kazi yake, pamoja na michoro ambayo fundi wa hapa anaweza kufuata.
- Majina na picha za memba hazitumiwi bila ruhusa yao.
- Mashini ikianza kuuzwa siku za mbele, koperative iliyoijaribu inapata haki gani. Bei ya chini, kwa mfano.

Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa mwaka 2010, inatuhusu tangu Kongo ilipoingia OHADA mwaka 2012. Ndani yake, memba njo wenyi koperative, na kila memba ana sauti moja katika mkutano mkuu. Mashini ya dola 900 ni jambo la kuletwa mbele yao. Prezida asisaini peke yake kwa sababu mwanafunzi ni mtoto wa ndugu yake, na wale wanaosimamia hesabu waone kaye ya majaribio kabla ya kura.

8. Zoezi kwa mkutano wenu ujao

Kaeni kwa vikundi vya watu watano au sita, kila kikundi kiwe na mtu mmoja wa kuandika. Chagueni mashini moja ambayo mliwahi kuonyeshwa, au ambayo tayari iko kwenye hangari yenu. Jibuni:

1. Kwa mwaka, memba wana gunia au kilo ngapi za kazi ya mashini hiyo? Muulizane mmoja mmoja, msikisie.
2. Kila gunia linaingiza kiasi gani, na linakula kiasi gani?
3. Gharama gani zinatoka hata kama hakuna kazi? Msisahau kuzeeka.
4. Gawanyeni jibu la 3 kwa kile gunia moja linabakisha. Mmepata gunia ngapi? Ni zaidi au chini ya zile za swali la 1?
5. Piyese gani itachakaa kwanza, na inapatikana wapi?
6. Nani atapunguziwa kazi, na nani atapoteza chakula?

Vikundi vilinganishe majibu. Kama yanatofautiana sana, msibishane nani mwenye haki. Rudini kwenye swali la 1, maana mara nyingi tofauti inaanzia hapo.

Na mwanafunzi akifika mwezi ujao na mashini yake, mkaribisheni, mpeni kiti na chakula, msikilizeni mpaka mwisho. Kisha mumpe kalamu, mwambie aandike: gunia ngapi, kwa mwaka, kutoka mashamba ya nani. Namba hiyo njo mwanzo wa mazungumzo yenu.